Kwa nini wazee wa Masara bado wanaisifu Massey ya zamani

Kila tukichanga pesa za kununua trekta la nyumbani, ubishi ni ule ule. Vijana wanataka jipya, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wazee wa Masara, kule Migori, wanajibu: tutafutieni Massey 135 au 165, hata kama rangi imekwisha. Wengi wetu huku ughaibuni tunaona wanang'ang'ania ya kale. Mimi nasimama na wazee, na sababu zangu zinapitia Awendo, Hanang na hata hapa Manitoba, Kanada, ninakoishi.

Massey Ferguson 135 ilitoka mwaka 1964, ikiundwa Coventry, Uingereza. Ile ya dizeli ina injini ya Perkins, silinda tatu, lita 2.5, nguvu ya farasi kama 45 hivi. Haina kompyuta wala sensa. Tuseme dizeli imekwisha katikati ya shamba. Hewa imeingia kwenye paipu. Hata ukijaza tangi, injini haiwaki. Tanboi, msaidizi wa dereva, anachukua spana, analegeza skrubu iliyo juu ya filta, halafu anabonyeza kwa kidole kile kimkono kidogo cha pampu ubavuni mwa injini. Povu linatoka, linatoka tena, mpaka dizeli ije safi. Anakaza. Analegeza nati za paipu za nozo, dereva anapiga selfu, dizeli inaruka, anakaza moja moja, na injini inashika. Kazi imeishia hapo hapo shambani, kwa spana mbili tatu.

Lakini urahisi wa injini peke yake usingetosha. Kiwanda cha sukari cha SONY kilianza kusaga miwa Awendo mwaka 1979, na miwa ya wakulima ikahitaji matrekta na trela za kuifikisha kiwandani. Trekta linalovuta miwa barabara mbovu halikosi kuharibika, na hapo ndipo mafundi walipopatikana. Vijana walianza kwa kushika tochi na kupitisha spana, hadi wakaweza kufungua gia boksi chini ya mwembe. Maduka ya spea yakafuata. Kwa maoni yangu, nusu ya uimara ambao wazee wanausifu imo ndani ya chuma, na nusu iko mikononi mwa mafundi hao.

Mzee mmoja wa ukoo wetu hukumbuka msimu ambao klachi ilimwishia mwezi wa Machi, mvua imeshaanza na watu wanangoja zamu ya kulimiwa. Sahani ya klachi ilipatikana Migori mjini, fundi akaligawa trekta sehemu mbili, na kesho yake jioni lilikuwa shambani. Ukimuuliza trekta bora ni lipi, hukusimulia hilo. Nguvu ya farasi haitaji.

Hapa Winnipeg, mwaka 1966, kampuni ya Versatile ilianza kuunda trekta linalojikunja kiunoni: magurudumu manne makubwa yanayolingana, yote yanavuta, na unapokata kona haidroliki hulipinda trekta lenyewe katikati. Ya kwanza yaliuzwa kwa bei isiyofika dola 10,000. Wakulima wazee wa hapa huyasifu yale ya miaka ya 1970, ya injini za Cummins, kwa maneno ambayo ungedhani yametoka Masara: injini ni ya jamii ya zile za malori, spea ziko mjini, unafungua mwenyewe. Kilio chao ni mashine mpya zinazosimama kwa hitilafu ya sensa, ngano imeiva, na mwenye shamba anangoja mtu aje na kompyuta.

Kanada hiyo hiyo iliwahi kupeleka kilimo cha aina hii Tanzania. Shirika la serikali la NAFCO lililima ngano Hanang kwenye mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000, kwa mitambo mikubwa na msaada wa Kanada, juu ya malisho ambayo Wabarbaig waliondolewa. Wanakijiji wa Mulbadaw walidai ardhi yao hadi mahakamani. Msaada ulikoma mwaka 1993, na mitambo inayongoja spea kutoka ng'ambo ya bahari haina maisha marefu fedha za kigeni zikikatika. Kabla ya hapo, kati ya 1947 na 1951, Waingereza walijaribu karanga Kongwa kwa matrekta yaliyobaki vitani na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Pauni milioni 36 hivi zilipotea.

Massey nayo ina kasoro, na nyingine ni za kuua. Nyingi za zamani hazina fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Kwenye udongo mweusi wa Ndhiwa, mvua ikikolea, magurudumu mawili yanayovuta huzama, na hapo vijana wana haki kudai manne. Ila trekta kubwa la kujikunja halina kazi kwetu: mashamba yamegawanywa kwa warithi hadi halina pa kugeukia.

Kabla ya mchango ujao, naomba mmoja wetu apige simu dukani Migori aulize bei ya sahani ya klachi, nozo na filta za modeli tunayoitaka, na kama ziko dukani au zinaagizwa Nairobi. Halafu tumuulize fundi wa Masara kama amewahi kuifungua injini hiyo. Na pesa za fremu ya dereva ziingie kwenye bajeti, hata tukinunua Massey ya mwaka 1970.