Damu ya Mtoto Ikitoa Ushahidi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kusini-magharibi mwa Uganda, mama wa Kikongo amletapo zahanatini mtoto mwenye homa, muuguzi hulazimika kukata shauri ambalo hata tabibu mkongwe hulihofu: apewe dawa arejee nyumbani, ama apelekwe hospitali ya rufaa Mbarara? Jicho huona pumzi za haraka na ulegevu. Walakin sepsisi, ambayo si wingi wa vijidudu tu bali ni ghadhabu ya mwili wenyewe, unaopigana navyo hata ukajijeruhi, aghalabu huharibu ndani kabla ya kudhihirika nje.

Hapo ndipo damu huitwa kutoa ushahidi. Lakteti huzidi pale viungo vinapokosa oksijeni ya kutosha, nayo hupimika kwa tone moja la kidoleni. Ila kwa kuwa hupanda katika malaria kali pia, hueleza ukali wa maradhi, wala si jina lake. Protini ya CRP, itokayo kwenye ini, huchelewa kupanda. Wenye ushahidi mzito zaidi, kwa rai yangu, ni wawili: TREM-1, kipokezi cha chembe nyeupe ambacho kipande chake humwagika katika damu chembe hizo zikichochewa kupita kiasi, na anjiopoietini-2, itolewayo na utando wa ndani wa mishipa, ikaulegeza hata maji ya damu yakavuja. Huko Jinja nchini Uganda, miongoni mwa watoto waliolazwa kwa homa, TREM-1 ilibashiri mauti vizuri mno.

Lakini hatari haikomi mlangoni mwa wodi. Uchunguzi wa Mbarara uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata watoto 1307 wenye maambukizo: 65 walifia hospitalini, na 61 wengine, Mwenyezi Mungu awarehemu, walifariki ndani ya miezi sita baada ya kuruhusiwa, wengi wao nje ya hospitali. Hesabu hizo mbili karibu zinalingana, nami siwezi kuzisoma bila huzuni, kwani hao 61 walikwisha kuhesabiwa kuwa wamenusurika.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka ya siha: vipimo hivi vya damu visifungiwe katika maabara za Mbarara, bali viwe vya bei nafuu, vifike Juru na Rubondo huko Nakivale, na mtoto apimwe mara mbili, siku aingiapo na siku arudipo kwao.