Je, Ndege Huyu Yu Hatarini? Namna ya Kuhesabu Nyumba za Kigong'ota

Wakulima wanaokaa karibu na misitu huuliza swali hili: Wakubwa wanajuaje kwamba ndege fulani anakaribia kwisha? Nani aliyewahesabu ndege, nao wanaruka huku na huku? Swali hilo ni zuri, wala halihusu ndege peke yake. Serikali ikisema kwamba ndege yu hatarini, sheria hufuata neno hilo, na sheria yaweza kugusa msitu, na pengine hata shamba lililo kando ya msitu. Kwa hiyo yafaa kila mkulima ajue hesabu ya namna hiyo hufanywaje, apate kutofautisha hesabu ya kweli na maneno ya kubahatisha.

Tutachukua mfano mmoja kutoka Marekani. Huko wamemchunguza ndege mmoja kwa zaidi ya miaka 50, katika misitu inayotunzwa na kukatwa mbao, na makosa yao pamoja na mafanikio yao yanajulikana. Ndege huyo ni wa jamii ya kigong'ota, yaani yule ndege agongaye mti kwa mdomo wake akitafuta wadudu.

NDEGE MWENYEWE

Kigong'ota huyu ni mdogo, urefu wake ni kama inchi 8 na nusu. Mgongoni ana mistari myeusi na myeupe, na shavuni ana baka kubwa jeupe. Dume ana alama nyekundu kando ya kichwa, nayo ni ndogo hata ni vigumu kuiona. Kwa ajili ya alama hiyo tutamwita kigong'ota wa utepe mwekundu. Huishi katika misitu ya misonobari, ambayo wengi wetu huiita paini, kusini-mashariki ya Marekani, tangu jimbo la Virginia mpaka Texas. Msonobari aupendao zaidi ni ule wenye majani marefu sana kama sindano.

Zamani misitu ya msonobari huo ilienea kadiri ya eka milioni 90. Watu walikata mbao, wakagema utomvu, wakafyeka mashamba, hata zikabaki kama eka milioni 3 tu. Mwaka 1970 Serikali ya Marekani ilimwandika ndege huyu katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka kabisa.

KWA NINI MTI MZEE?

Vigong'ota wengi hutoboa mti mkavu au uliooza, nao humaliza kazi upesi. Huyu hutoboa msonobari ulio hai, na kazi hiyo yaweza kuchukua mwaka mmoja, au hata miaka kadhaa. Huchagua mti mzee, mara nyingi wenye miaka 80 na zaidi, kwa sababu mti mzee huweza kuwa na ugonjwa wa kuvu unaolainisha kiini chake. Tena kuuzunguka mlango wa tundu hutoboa vishimo vidogo, na utomvu hutiririka kutoka humo. Utomvu huo ni ulinzi wake. Nyoka apandaye mti hushindwa kupita penye ulimbo.

Sasa fikirini jambo hili. Msonobari uliopandwa kwa ajili ya mbao hukatwa ukiwa na miaka 30 hivi. Basi msitu waweza kuwa wa kijani, umejaa miti iliyonyooka vizuri, lakini kwa ndege huyu ni kama mji usio na nyumba hata moja.

Jambo la pili ni moto. Katika misitu ile, moto mdogo wa nyasi ulikuwa ukipita kila baada ya miaka michache, ukila vichaka na kuiacha misonobari mikubwa. Watu walipoanza kuuzima kila moto, miti mingine ikaota chini mpaka ikafika kwenye milango ya matundu, na ndege wakahama. Ndiyo sababu siku hizi mabwana misitu wa huko huchoma nyasi kwa mpango na kwa zamu. Lakini msiyachukue maneno haya vibaya. Misitu yetu si kama ile, na hapa Kenya kuwasha moto ndani ya msitu wa Serikali bila ruhusa ni kosa.

HESABU YENYEWE

Ndege hawa hukaa kwa jamaa. Kuna dume na jike wanaozaa, na mara nyingi wako pamoja na wasaidizi mmoja au zaidi. Wasaidizi hao kwa kawaida ni wana wa kiume wa miaka iliyopita, ambao wamebaki nyumbani kulalia mayai na kulisha makinda. Kila ndege hulala peke yake katika tundu lake. Kwa hiyo jamaa moja huhitaji miti kadhaa yenye matundu, na miti hiyo pamoja twaweza kuiita boma. Zaidi ya boma, jamaa moja huhitaji malisho ya eka 100 hadi 200 hivi.

Wenye kuhesabu hawaanzi kwa kuhesabu ndege. Huhesabu maboma. Sababu yake ni hii. Tuseme msitu mmoja una maboma 10, na mwezi wa saba, makinda yakiisha kuruka, ndege ni 45. Mwezi wa tatu unaofuata ndege ni 30 tu. Je, wanakwisha? Sivyo. Huenda maboma ni yale yale 10, na jozi za kuzaa ni zile zile 10. Mkulima wa maziwa anajua jambo hili. Akitaka kujua hali ya kundi lake, hahesabu ndama waliozaliwa mwaka huu tu, bali hutazama ng'ombe wangapi wanazaa.

Basi kazi huenda hivi:

1. Watu hupita msituni wakifuata mistari, wakitafuta kila msonobari wenye tundu. Kila mti hupewa namba na kuandikwa katika ramani.

2. Kila tundu hutazamwa kama lina mwenyewe. Utomvu ukiwa mbichi, unang'aa, na gome kando yake limeparuzwa likawa jekundu, ndege yumo. Utomvu ukiwa mkavu na wa kijivu, nyumba imeachwa. Wakati mwingine hutumia kamera ndogo iliyofungwa juu ya mti mrefu, wakachungulia ndani.

3. Alfajiri, kabla jua halijatoka, mtu hukaa kimya karibu na boma na kuwahesabu ndege wanapotoka na kukutana. Hapo hujua kama kuna dume na jike, au dume mpweke tu. Boma la dume mpweke lina mtu, lakini halina uzazi. Asiyetofautisha mambo haya mawili atajidanganya.

4. Ndege wengine huvishwa pete za rangi miguuni, ili ajulikane nani amekufa, nani amehama, na nani ameoa boma la jirani.

5. Kazi hii hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya mwaka mmoja haielezi kama hali inapanda au inashuka.

HESABU IKIPANDA, JE, KAZI IMEKWISHA?

Katika miaka ya mwisho ya 1970, maboma yaliyokuwa na ndege yalikadiriwa kuwa 1,470. Kufikia mwaka 2024 yalikuwa kadiri ya 7,800, katika majimbo 11. Mtu akisikia hivyo atasema: Ndege amepona, na afutwe katika orodha. Lakini mpimaji mwangalifu huuliza swali jingine: Hesabu hii imepanda kwa nguvu ya nani?

Sikilizeni habari ya msitu wa Francis Marion, katika jimbo la South Carolina. Ulikuwa mmojawapo wa misitu yenye ndege hawa wengi kuliko mingine. Septemba 1989 tufani iliyoitwa Hugo ilipiga usiku mmoja. Ilivunja miti yenye matundu karibu 87 katika kila 100, na ndege karibu 63 katika kila 100 walikufa. Waliosalia hawakuwa na mahali pa kulala, na msonobari hauzeeki kwa mwaka mmoja wala kwa miaka kumi.

Hapo watu walifanya jambo jipya. Walipasua nafasi katika shina la msonobari ulio hai kwa msumeno wa mashine, wakatia ndani yake sanduku la mbao lenye tundu. Mengine waliyatoboa kwa kekee. Matundu ya namna hiyo yalitengenezwa kwa mamia, na ndege wakayakubali. Tangu hapo njia hiyo imetumika katika misitu mingi, na maboma mapya yameanzishwa mahali palipokuwa patupu.

Hii ndiyo sababu uamuzi wa Oktoba 2024 ulikuwa wa katikati. Serikali ya Marekani ilimtoa kigong'ota huyu katika daraja la walio hatarini kutoweka, ikamweka katika daraja la chini yake, la wanaotishiwa. Haikumfuta katika orodha. Idadi ilikuwa njema, lakini makundi mengi ni madogo, tufani zingali zikija, na nyumba nyingi zingali zategemea mkono wa mtu. Kazi ya kuchoma nyasi na kutia masanduku ikisimama, hesabu yaweza kurudi chini. Mgonjwa anayetembea kwa mkongojo amepata nafuu, lakini hamnyang'anyi mkongojo siku hiyo hiyo.

HABARI YA WENYE MASHAMBA

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Ndege hawa hawakuwa katika misitu ya Serikali tu. Wengine walikuwa katika mashamba ya watu. Sheria ya mwaka 1973 ilikataza kuwadhuru ndege hao au kuharibu makao yao. Mwenye shamba akawaza hivi: Nikiiacha misonobari yangu izeeke, ndege atakuja, akija, sitaruhusiwa kuikata. Basi wengine waliikata mapema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu mashamba ya North Carolina ulionyesha kwamba miti iliyo karibu na maboma ya ndege ilielekea kukatwa ikiwa michanga zaidi. Hivyo sheria iliyokusudiwa kumlinda ndege ilimnyima nyumba, kwa sababu ilimtia hofu mwenye mti.

Mwaka 1995, katika sehemu iitwayo Sandhills ya jimbo hilo hilo, palifanywa mapatano mapya. Kwanza, maboma yaliyomo katika shamba yahesabiwe na kuandikwa. Pili, mwenye shamba aahidi kuyatunza hayo na kuufanya msitu wake uwafae ndege. Tatu, jamaa mpya zikija kwa sababu ya utunzaji wake, hatawekewa kizuizi kipya kwa ajili ya hizo. Wenye mashamba wengi walikubali, na mapatano ya namna hiyo yakaenea katika majimbo mengine. Mwaona basi: hesabu ile ile iliyomlinda ndege ndiyo iliyomlinda na mkulima. Kama isingaliandikwa kwa haki, hakuna ambaye angaliweza kusema lipi lilikuwapo tangu mwanzo na lipi limeongezeka.

NA SISI JE?

Kigong'ota wa utepe mwekundu hayuko Kenya, lakini swali liko. Katika nyanda za Kinangop, ambako watu wengi walipewa mashamba katika miaka ya 1960, kuna ndege mdogo wa manyasi mwenye kifua cha manjano, ambaye Waingereza humwita Sharpe's Longclaw. Haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani. Yeye huhitaji majani mafupi yenye mashungi, na majani hayo yamo katika mashamba ya watu. Akihesabiwa, mwenye shamba ndiye mwenyeji wa hesabu hiyo. Na tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, majirani wa msitu wameruhusiwa kuunda vyama na kushirikiana na Serikali katika kuutunza.

Kwa hiyo, siku watu wa kuhesabu wakija kwenu, fanyeni hivi. Waonyesheni mti mzee wenye matundu, msiufiche wala msiukate kwa hofu. Waulizeni maswali manne: Mmehesabu ndege tu, au nyumba na jozi zinazozaa? Mmekuja mara ngapi? Nyumba hizo zitadumu nani asipofanya kazi? Na mapatano na mwenye shamba yameandikwa wapi? Mtu aliyehesabu vizuri hataudhika kwa maswali hayo. Atafurahi, atafungua daftari lake na kuwaonyesha.

Mti mzee uliobaki mpakani huonekana kama hauna faida. Kabla ya kutia shoka, zunguka shina lake na utazame juu. Ukiona tundu la mviringo, ngoja mpaka alfajiri, ujue kwanza nani analala humo.