Mafuta ya Bangi Katika Chupa ya Dawa: Yepi Halali na Yepi Haramu?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu msomaji, siku hizi maimamu huulizwa juu ya chupa ndogo za mafuta yatokanayo na mmea wa bangi. Mzazi ana mtoto mwenye kifafa kisichotulia kwa dawa, na jamaa yake aliyeko Ulaya amemletea chupa. Anauliza: nimpe au nisimpe? Imamu akijibu "bangi ni haramu" na kunyamaza, amesema kweli lakini hajajibu swali. Akijibu "hiyo ni dawa, mpe," huenda amemnywesha mtoto kilevi. Hukumu hufuata illa yake, yaani sababu iliyojengewa, wala haifuati jina lililobandikwa kwenye chupa.

Maimamu wanne wa madhehebu hawakuizungumzia hashishi, kwa sababu zama zao haikuwa imeenea kama kilevi. Matabibu waliujua mmea wenyewe kwa jina la qinnab na mbegu zake kwa jina la shahdanaj, wakizitumia katika tiba. Ibn al-Baytar, aliyefariki mwaka 646 Hijria, ameutaja mmea huu wa Kihindi ukipandwa Misri na watu wakiula ili walewe. Ilipoenea, wanachuoni wakaafikiana juu ya uharamu wa kiasi kinachoathiri akili, ila wakahitilafiana juu ya sifa yake. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728) aliihesabu kuwa ni kilevi kama khamri, tena chenye kuwajibisha adhabu ya hadi. Naye al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki 684) alipambanua katika kitabu chake al-Furuq baina ya chenye kulevya, chenye kulaza na chenye kuharibu akili, akaiweka hashishi katika fungu la tatu. Kwake yeye hashishi haina hadi, si najisi, na kiasi kidogo kisichogusa akili hakiharamiki. Imamu Zarkashi katika madhehebu yetu ya Shafi aliandika risala nzima juu ya uharamu wake.

Mwanafunzi wa fiqhi asiipite mas'ala moja iliyomo katika sharhe za Minhaj. Wametaja kwamba khamri ikigandishwa hubaki najisi, na hashishi ikiyeyushwa hubaki twahara, kwa kutazama asili ya kila kimoja. Basi mafuta ya bangi yakimwagika juu ya kanzu, kanzu haijanajisika kwa sababu ya bangi. Lakini twahara ni mlango mmoja na uhalali wa kunywa ni mlango mwingine; sumu nayo ni twahara.

Wataalamu wamebainisha kwamba kinacholevya katika bangi ni kitu kiitwacho kwa kifupi THC. Kingine, CBD, hakilevyi. Ndipo tutazame chupa zenyewe.

Mafuta ya mbegu hukamuliwa kama yakamuliwavyo mafuta ya ufuta. Mbegu haitengenezi THC, na kinachopatikana humo ni masalia machache ya majani na maua. Hayo ni chakula, na asili yake ni uhalali. Mkabala wake ni mafuta mazito yaliyotolewa ili kuikusanya THC. Hayo ni hashishi yenyewe kwa sura nyingine, hata yakiuzwa ndani ya peremende.

CBD iliyosafishwa ikabaki peke yake haina illa ya kulevya. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo, Epidiolex, kwa aina mbili nzito za kifafa cha watoto, Lennox-Gastaut na Dravet. Imechanganywa na mafuta ya ufuta na kiasi cha alkoholi. Kwa hiyo mwulizaji akiuliza juu ya dawa hii, utata wake hautoki kwenye bangi, unatoka kwenye ile alkoholi! Wanachuoni wetu wameruhusu kujitibu kwa dawa iliyochanganyika na khamri hadi ikapotea ndani yake, ikiwa hakuna mbadala ulio twahara na tabibu mwadilifu amethibitisha.

Tatizo kubwa liko kwenye dondoo la mmea mzima, lenye CBD pamoja na THC kidogo. Muuzaji husema THC haizidi asilimia 0.3, na msikilizaji akaona ni kama hakuna kitu. Tuhesabu. Chupa ya mililita 30 ina mafuta ya karibu gramu 28. Asilimia 0.3 yake ni zaidi ya miligramu 80 za THC. Dawa ya kupuliza mdomoni iitwayo Sativex, wanayopewa wagonjwa wenye kukakamaa misuli, ina miligramu 2.7 kwa kila puliza. Chupa ile basi ni sawa na mapulizo 30! Anayeinywa yote hulewa. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kinacholevya kwa wingi wake, uchache wake nao ni haramu. Wapo waliosema kwamba hukumu hii ni ya vilevi vya majimaji, na mmea una wepesi wake. Kauli hiyo tunaiheshimu, lakini sisi hatuoni mtu mzima wa afya aitegemee ili apate usingizi mzuri. Mgonjwa aliyeandikiwa na tabibu, na hana dawa nyingine, ana hukumu ya dharura kwa kadiri yake. Imamu Nawawi amenukuu kutoka kwa Ruyani ruhusa ya kutumia mmea ulevyao katika dawa pasipo budi.

Hata maandishi ya chupa hayatoshi. Mwaka 2017 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni: 26 tu zilikuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC.

Kwa mzazi wetu, basi, chupa isiyojulikana asimpe mtoto. Aende kwa daktari wa kifafa aulizie CBD iliyosafishwa, wala asizikatize dawa za awali, kwani kukatiza ghafla huweza kuleta degedege kali, na CBD yenyewe hugusa ini na hugongana na baadhi ya dawa hizo. Tena Tanzania kwa sheria ya 2015, na Kenya kwa ile ya 1994, kumiliki bangi bila ruhusa ni kosa. Jamaa anayebeba chupa uwanja wa ndege aulize kwanza kwa mamlaka.

Wallahu a'lam.