Shamba Jipya, Jembe Lipi?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini mkulima aliyehamia shamba lenye udongo mwingine hana budi kulitazama jembe lake upya.

Ndivyo ilivyo kwa watungaji wa programu za kompyuta. Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Baadhi ya wenye kompyuta kuukuu, zisizokubali Windows 11, wamehamia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao hupatikana bure. Aliyejitungia programu ya hesabu za duka kwa Visual Basic 6, chombo cha mwaka 1998, hutambua hapo kwamba hakikuundwa kwa ajili ya Linux.

Afanyeje? Asikimbilie kinachosifiwa, apime kwanza anachokijua. Aliyezoea Basic hataiona Gambas kuwa ngeni, ingawa kazi yake ya zamani itambidi kuiandika upya, na Gambas imekusudiwa Linux, si Windows. Aliyezoea Delphi atajiona nyumbani katika Lazarus, itumiayo lugha ya Pascal na kutoa programu za mifumo yote miwili. Anayeanza anaweza kushika Python pamoja na Tkinter, ya kuchorea madirisha na vitufe.

Shauri letu ni hili: ikiwezekana, achague chombo kisichofungwa na mfumo mmoja, na daftari la wadeni aliweke katika faili linalosomeka na programu nyingine. Aliyehama mara moja huenda akahama tena. Riziki ya watoto isibaki nyuma ya mlango uliofungwa.