Mipira ya trakta za zamani: ilitoka wapi, na juu ya nini inatugusa sisi pia

Ukiona picha ya trakta ya zamani kabisa, angalia magurudumu: ni chuma tupu, yenye meno ya kushika udongo. Shambani yalifanya kazi, lakini yalitikisa dereva kutwa nzima. Barabarani ndiyo yalikuwa shida zaidi, sababu meno yale yalichimba njia, na sehemu fulani za Marekani zikayakataza.

Mwaka wa 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani, ikishirikiana na Firestone, ikaanza kuuza trakta yenye mipira ya hewa. Majaribio ya kwanza yalifanywa na mipira ya ndege! Wakulima wengi walikuwa na mashaka: je, mpira hautateleza kwenye matope? Hautatobolewa na visiki? Mwaka wa 1933 kampuni ikamuita Barney Oldfield, dereva wa mashindano ya magari, naye akakimbiza trakta iliyobadilishwa gia mpaka zaidi ya kilometa 100 kwa saa. Lakini kilichoshawishi wakulima zaidi ni mafuta: trakta ya mpira ilikunywa kidogo, na ilitembea haraka. Kufikia mwaka wa 1940, karibu trakta zote mpya za Marekani zilikuwa na mpira. Remoki na mashine za kupanda zikafuata.

Halafu vita. Mwaka wa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, kulikotoka sehemu kubwa ya mpira wa dunia. Viwanda vya Marekani vikarudisha magurudumu ya chuma. Kwa hiyo trakta ya miaka ile yenye chuma haikuharibiwa na mtu, ndivyo ilivyozaliwa.

Hapa njo Kongo inaingia. Wabelgiji na washirika wao walihitaji mpira kwa haraka. Siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji zikapandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa pori. Wazee waliokumbuka mateso ya wakati wa Leopold wa Pili waliona historia inarudi mlangoni.

Leo wanaokusanya mashine za zamani wanapenda mpira wa asili, ule uliotoka nao kiwandani. Lakini mpira unazeeka hata ukilala tu. Jua, joto na hewa vinaukausha, na nyufa zinaanza pembeni. Mpira wa namna hiyo ni wa kuangalia, si wa kubeba mzigo.

Kwetu vilevile, remoki nyingi zinatembea na mipira ya miaka mingi. Ukiona nyufa zenye kina, ama nyuzi za ndani zimetokea, usiijaze hewa ukisimama mbele yake: ikipasuka inaweza kuua. Muachie fundi mwenye vyombo.

Na ikishachoka? Usiichome, moshi wake ni sumu. Usiiache nje ikishika maji ya mvua, mbu watazaa humo. Mafundi wa chukudu pale Goma walishaonyesha njia: wanakata mpira wa zamani na kuuvalisha gurudumu la mbao, na mzigo unaendelea na safari.