Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari



Mwezi huu tuzungumzie daftari la bei za vyakula. Pengine mtauliza, bei za dukani zinahusu nini ukurasa wa afya? Zinahusu sana. Katika kliniki ya watoto tunakutana na mtoto ambaye uzito wake haupandi mwezi wa kwanza, wala wa pili. Ukimwuliza mama, anajibu, "Sista, hela ya maharage na dagaa haipatikani." Mara nyingine ni kweli kabisa. Lakini mara nyingine tukikaa naye na kuhesabu, tunakuta fedha ilikuwapo, ikapotea kidogo kidogo dukani.

Fedha inapotelea wapi?

Inapotelea kwenye vipimo vidogo. Chukueni mfano huu wa kujifunzia hesabu. Tuseme robo kilo ya sukari ni shilingi 900, na kilo nzima ni shilingi 3,200. Anayenunua robo nne analipa shilingi 3,600. Amepoteza shilingi 400 kwa kilo moja. Kama nyumba inatumia kilo moja kwa wiki, kwa wiki nne ni shilingi 1,600. Ongeza mafuta ya kupimiwa, mchele na sabuni, utaona kwamba kitoweo cha mtoto kimebaki dukani.

Namna ya kufanya

1. Tafuta daftari la shule. Kila kitu kipe ukurasa wake: unga, mchele, maharage, dagaa, mafuta, sukari. Andika tarehe, mahali uliponunua, kipimo na bei. Kama mama hana nafasi, mtoto anayesoma aandike. Naye atajifunza hesabu.

2. Geuza kila bei iwe ya kilo au lita. Mafungu hayalingani, na sado moja hujazwa kwa kilele, nyingine husawazishwa. Omba fungu lipimwe kwenye mizani angalau mara moja, ujue unalipa kiasi gani kwa kilo. Kabla ya kupimiwa, tazama kama mizani imeanzia sifuri.

3. Hesabu nauli. Sisi wa Mapinga tupo kati ya Bunju na Bagamoyo, na huko kote kuna masoko. Lakini ukipanda daladala kwenda na kurudi kwa ajili ya kilo mbili za maharage, faida yote inaishia kwa kondakta. Afadhali majirani watatu wachange, mmoja aende kwa niaba ya wenzake.

4. Fuata majira. Maharage huwa nafuu baada ya mavuno. Dagaa wa pwani yetu huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka sana wanaadimika na bei inapanda. Basi nunua siku za giza, hakikisha wamekauka vizuri, uwaweke mahali pakavu.

Na anayepata fedha ya siku?

Kibarua hawezi kununua kila kitu kwa kilo. Ninalijua hilo. Basi aanze na kitu kimoja tu. Akitenga shilingi mia chache kila siku, baada ya siku kadhaa atanunua kilo nzima ya sukari. Ile tofauti aliyookoa aiweke kwa ajili ya kilo ya maharage, na kadhalika. Haba na haba hujaza kibaba.

Tahadhari

Linganisha vitu vya namna moja. Chumvi isiyo na madini joto inaweza kuwa nafuu, lakini upungufu wa madini joto huleta rovu, na kwa mama mjamzito huathiri akili ya mtoto aliye tumboni. Vilevile usivutwe na bei ndogo ya mahindi au karanga zenye ukungu. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo.

Akiba iende wapi?

Iende kwenye sahani ya mtoto. Ikiishia kwenye soda na biskuti, hatukufanya kitu. Maharage, dagaa, yai, pamoja na mchicha au matembele, ndivyo vitakavyopandisha uzito wake. Baba naye alione daftari, maana mama akiliandika peke yake na baba hajui bei ya unga, ugomvi wa fedha ya matumizi hauishi.

Jaribuni kwa mwezi mmoja. Siku ya kliniki, mama aje na kadi ya mtoto, tutazame kama mstari umepanda. Lakini mtoto aliyevimba miguu, aliyekonda sana au anayekataa kula asisubiri daftari wala siku ya kliniki. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo.