Paka wakubwa wa nasaba: Mnunuzi wa Kigali anaangalia nini kabla ya kulipa

KIGALI – Paka wa kawaida hupatikana kwa jirani bila kulipa hata senti. Paka mkubwa wa nasaba ni biashara nyingine kabisa. Huko Ulaya na Marekani mtoto mmoja wa Maine Coon mwenye karatasi kamili huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, na mnunuzi aliyeko Kigali huongeza juu yake nauli, vibali na gharama za daktari wa mifugo.

Mteja mgeni huanza kwa kuuliza kilo. Mteja mzoefu huanza kwa kuuliza wazazi. Mfanyabiashara au msafirishaji asiyejua tofauti hiyo anaweza kujikuta mpakani na mnyama asiyeweza kuvuka, au akabaki na paka ambaye mnunuzi amemkataa.

Aina zinazotajwa zaidi

Paka wa kawaida aliyekomaa huwa na kilo tatu hadi tano. Dume wa Maine Coon, mbegu iliyotoka jimbo la Maine nchini Marekani, kwa kawaida hufikisha kilo sita hadi tisa. Paka wa aina hiyo aliyeitwa Stewie alipimwa mwaka 2010 akawa na urefu wa sentimita 123 kutoka pua hadi ncha ya mkia, na akaingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness.

Wengine ni paka wa msituni wa Norway, mwenye manyoya mazito, na Ragdoll, aliyeanza kuzalishwa California katika miaka ya 1960, ambaye ana macho ya bluu na hupendwa kwa upole wake. Yupo pia Savannah, mwenye madoa na miguu mirefu. Huyu ana mambo yake ya kisheria, yatakayoelezwa hapa chini.

Ukubwa hauonekani utotoni

Mbegu hizi hukua polepole. Maine Coon huchukua miaka mitatu hadi mitano kufikia umbo lake kamili. Mtoto wa miezi mitatu anayeonyeshwa kwenye simu hawezi kumhakikishia mtu kuwa atakuwa mkubwa, na paka yeyote mwenye manyoya marefu anaweza kupigwa picha akaonekana jitu. Anayenunua kwa macho peke yake anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa sababu hiyo mnunuzi makini huomba kuwaona wazazi wote wawili, au video yao wakiwa wamewekwa juu ya mzani. Aidha, huomba kumuona mtoto akiwa na mama yake. Matapeli wa mtandaoni hupendelea sana biashara hii: hutuma picha nzuri, hudai malipo ya awali, kisha huzusha ada ya sanduku, ya bima na ya kibali, moja baada ya nyingine, na paka hafiki kamwe. Muuzaji wa kweli hakatai kupigiwa simu ya video wakati wowote.

Karatasi ndizo zinazobeba bei

Cheti cha nasaba hutolewa na chama cha usajili wa paka. Vinavyojulikana zaidi ni CFA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1906, TICA cha mwaka 1979, na FIFe cha Ulaya cha mwaka 1949. Cheti huonyesha majina na namba za wazazi na mababu wa vizazi kadhaa. Namba hizo zinaweza kuulizwa katika chama chenyewe kabla ya fedha kutolewa.

Uzito wa karatasi unaonekana katika mfano wa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kulikuwa na paka wenye mabaka ya kahawia ambao Wagiriama waliwajua kwa jina la khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa eneo hilo, alianza kuwafuga. Katika miaka ya 1980 baadhi yao walipelekwa Denmark, na katika miaka ya 1990 FIFe ikawatambua kuwa ni mbegu kamili iitwayo Sokoke. Sokoke si paka mkubwa, lakini funzo lake ni kubwa: aliyebaki kijijini ni paka wa bure, na ndugu yake aliyeandikwa katika daftari la usajili ana thamani Ulaya na Marekani.

Jambo jingine la kuulizwa ni haki ya kuzalisha. Wafugaji wengi huuza paka wa kufugwa nyumbani tu, kwa sharti la kufungwa kizazi, kwa bei ya chini kuliko wa kuzalisha. Mfanyabiashara anayenunua kwa nia ya kuanzisha uzazi Kigali ahakikishe haki hiyo imeandikwa, kwani bila hiyo watoto watakaozaliwa huenda wasisajiliwe.

Moyo na nyonga

Ugonjwa unaoogopwa zaidi katika Maine Coon na Ragdoll ni ule wa misuli ya moyo kunenepa. Paka huonekana mzima, kisha hufa ghafla akiwa bado kijana. Kasoro ya kurithi inayohusika ilitambuliwa kwa Maine Coon mwaka 2005 na kwa Ragdoll mwaka 2007, na sasa hupimwa kwa kuchukua ute wa shavuni. Hata hivyo, kipimo hicho hakitoshi, kwani wapo wanaougua bila kuwa na kasoro hiyo. Mnunuzi makini hudai pia majibu ya picha za mawimbi ya sauti za mioyo ya wazazi. Kwa Maine Coon huongezwa picha ya eksirei ya nyonga, kwa kuwa uzito mkubwa huumiza viungo vilivyoumbika vibaya.

Hali ya hewa na matunzo

Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na joto lake ni la wastani. Paka mwenye manyoya marefu huishi humo kwa nafuu kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Hata hivyo lazima achanwe manyoya mara kwa mara, na chakula chake ni kingi. Anayeishi katika nyumba ndogo huelekezwa kwa Ragdoll mtulivu kuliko Savannah, anayehitaji nafasi ya kuruka na kukimbia.

Tahadhari: Savannah na mondo

Savannah alipatikana mwaka 1986 nchini Marekani kwa kupandisha paka wa nyumbani na mondo, mnyama pori anayeishi pia katika Hifadhi ya Akagera. Mondo yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama. Mkataba huo huwagusa pia machotara wa vizazi vinne vya kwanza. Kumvusha Savannah wa vizazi hivyo bila kibali cha CITES ni kosa, hata kama ana cheti cha nasaba.

Hatari kubwa zaidi ni mtoto wa mondo aliyekamatwa porini kisha akauzwa kwa jina la Savannah. Msafirishaji anayekutwa naye atajibu mashtaka ya wanyamapori. Mzigo wa aina hiyo ukataliwe mapema.

Safari hadi Kigali

Mtoto wa paka asitenganishwe na mama kabla ya wiki 12. Chipu yenye tarakimu 15 iwekwe kwanza, ndipo ifuate chanjo ya kichaa cha mbwa, na namba ya chipu iandikwe katika kitabu cha chanjo. Kwa desturi husubiriwa siku 21 baada ya chanjo ya kwanza. Kwa hiyo paka anayetangazwa kuwa tayari kusafiri akiwa na wiki nane ni wa kutiliwa shaka.

Kibali cha kuingiza mnyama Rwanda hutolewa na RICA na kiombwe kabla ya safari. Nchi anakotoka hutoa cheti cha afya. Kwa barabara kutoka Nairobi huvukwa mipaka miwili, Malaba au Busia kisha Gatuna, hivyo masharti ya Uganda nayo yatimizwe. Paka aliyezaliwa na kukuzwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huombewa cheti cha uasili wa bidhaa ili apate nafuu ya ushuru.

Sanduku liwe na hewa ya kutosha na limwezeshe mnyama kusimama, kugeuka na kulala. Sanduku la paka wa kawaida halimfai Maine Coon mkubwa. Asiwekwe kando ya dawa za kilimo wala mafuta, na asipewe dawa ya usingizi bila amri ya daktari.

Wateja wa balozi na mashirika ya kimataifa huuliza pia habari za kuondoka. Kutoka Rwanda kwenda Umoja wa Ulaya, paka hupimwa damu angalau siku 30 baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha husubiri miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa. Muuzaji anayelieleza hilo mapema humwepushia mteja wake kumwacha mnyama nyuma siku ya kuhama.